Sumaku zilipozimika, binti wa kaka yake alikuwa chini

Ni saa nne asubuhi na nje jua halijaanza kuuma, lakini juu ya jukwaa la mashine ya kumimina chuma Shangazi ameshalowa jasho mgongo mzima. Amevaa koti la rangi ya fedha linalomfika magotini, na kioo cheusi kimeshuka usoni. Mkononi ameshika reki ya mbao yenye mpini mrefu. Anausukuma unga mweusi juu ya kalibu, umbo ambamo chuma hugandia, polepole, kona hadi kona, kama mtu anayemfunika mtoto shuka bila kutaka kumwamsha.

Chini ya unga huo kuna chuma kilichoyeyuka, chenye joto linalozidi nyuzi elfu moja na mia tano.

Msimamizi wa zamu anapita nyuma yake na kumuuliza jambo. Shangazi hageuki. Anainua kiganja kimoja hewani, na msimamizi anaondoka zake.

“Mtu akinisemesha hapa namwonyesha kiganja tu,” anasema baadaye, akiwa amevua kofia na kukaa kwenye benchi la chumba cha mapumziko. “Siwezi kuogopa na kuongea kwa wakati mmoja. Kimoja lazima kingoje.”

Amefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka ishirini. Anakiri bila haya kwamba hakuna siku aliyopanda ngazi za jukwaa hilo bila kuogopa.

Jina lake halitumiki sana kiwandani. Wanaume wenye mvi wanamwita Shangazi, na hata mkurugenzi akishuka kutoka ofisini humwita hivyo hivyo. Lilianza kwa mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kumwita hivyo, kisha wengine wakalidandia.

Nyumbani, kazi yake imewahi kumletea kichekesho. “Jirani alinisikia nikimwambia mume wangu kwamba leo unga ulichelewa kufika, tukahangaika zamu nzima,” anasimulia. “Akaanza kunikwepa. Kumbe amewaambia watu pale mtaani eti mama yule mnayemwona mpole, anauza dawa za kulevya!”

Anacheka, kisha kicheko kinakatika ghafla, kama kawaida yake. Masikio yake hayatulii hata akiwa kwenye benchi. Mlio wa mashine ukibadilika kidogo tu, anageuza shingo.

Unga wenyewe ni wa kukifunika chuma kisipoteze joto, na wa kukilainishia njia kisigande kwenye kuta. Kalibu ni kama sanduku jembamba la shaba lisilo na kitako. Chuma kinaletwa kwa ndoo kubwa inayoning’inia kwenye winchi, kinamiminwa kwenye beseni, kisha kinateremka ndani ya kalibu kwa bomba. Kuta za shaba zinapozwa kwa maji, hivyo chuma kinachozigusa kinaganda na kufanya ganda. Ndani bado ni uji. Magurudumu yaliyo chini yanalivuta ganda hilo pamoja na uji wake tumboni, huku likinyunyiziwa maji mpaka liwe gumu lote.

“Ganda linapotoka kwenye kalibu halizidi upana wa kidole changu hiki,” anasema, akiinua kidole cha shahada. “Nyuma yake kuna chuma kinachotafuta pa kutokea. Basi sisi tunaishi hapo kwenye kidole.”

Adui wa ganda ni mkondo. Chuma kikitoka kwenye bomba kwa kasi, kinapiga ukuta na kulilamba ganda kabla halijakomaa. Nusu ya mkondo inapanda na kuuvuruga uso wa juu, nusu inashuka na kuchimba. Mahali palipochimbwa panabaki pembamba. Pakishatoka nje ya kalibu, hapana tena ukuta wa kupashikilia.

Ndivyo ilivyotokea miaka mingi iliyopita, kabla ya sumaku. Kaka yake Shangazi, mkubwa wake kwa miaka mitatu, alikuwa mtu wa magurudumu, kazi yake ikiwa chini kabisa ya jukwaa. Ndiye aliyemwombea dada yake nafasi kiwandani. King’ora kilipolia, alifanya ambacho karibu kila mtu angefanya: alikimbilia ngazi iliyo karibu. Ngazi hiyo inapita ubavuni mwa mashine.

“Nilimwona kwa kidirisha cha sakafuni,” anasema Shangazi. Anayasugua magoti yake. “Alikuwa amebakiza vidato vichache. Nilimwona akitazama juu, akanitafuta. Halafu pakawa peupe.”

Kaka alipona. Mgongo wake hauvumilii shati zito mpaka leo, na vidole vya mkono wa kushoto havikunjuki. Hakurudi kiwandani, wala hakutaka kupita barabara inayoelekea huko. Akitumwa dukani upande ule, alizunguka.

Miaka michache baadaye kiwanda kilifunga mashine mpya. Nyuma ya kuta za shaba, pande zote mbili, yaliwekwa masanduku makubwa yenye koili za nyaya nene. Wafanyakazi waliambiwa kwamba hizo ni sumaku za umeme, na kwamba zitakuwa breki ya chuma.

Shangazi hakuzipenda. Ubao wa onyo uliwekwa mlangoni: mwenye kifaa cha moyo asipite, mwenye mimba asipite. Siku ya kwanza vibanio vyake vya nywele vilichomoka kichwani vyenyewe, na spana ya fundi mmoja iliruka ikanasa kwenye sanduku ikabaki hapo mpaka umeme ulipokatwa.

“Nikajiuliza, kitu kisichoonekana, kisicho na sauti, kinachonivua vibanio, mimi nitakiaminije?” anasema. “Moto nauona. Mvuke nausikia. Hiki je?”

Aliyempa jibu ni binti wa kaka yake.

Msichana huyo alikulia mikononi mwa Shangazi miezi yote ambayo baba yake alikuwa hospitalini. Alisomea umeme. Alipomaliza, aliomba kazi kiwanda kile kile na kupangiwa kitengo cha sumaku. Hakumwambia baba yake. Alimwambia shangazi yake, jikoni, akiwa amesimama karibu na mlango ili aweze kutoka haraka.

“Nilimfokea mpaka sauti ikanikauka,” anasema Shangazi. “Nikamwambia, wewe unataka kumwua baba yako mara ya pili? Akaniacha nikamaliza. Halafu akasema, ‘Shangazi, baba aliungua kwa sababu mkondo haukuwa na wa kuushika. Sasa upo. Niache nikaushike.’”

Kisha akamweleza, kwa kijiko na sufuria ya maji. Chuma kikikimbia mbele ya sumaku, umeme unazaliwa ndani ya chuma chenyewe. Umeme huo ukikutana na nguvu ya sumaku, unakivuta chuma kirudi kilikotoka. Kadiri kinavyokwenda mbio ndivyo kinavyovutwa zaidi, na kikitulia, hakivutwi tena. Hakuna kinachokigusa. Mkondo unapoa hasira kabla haujafika ukutani, na ganda linapata nafasi ya kukomaa.

“Nilielewa nusu,” anakiri Shangazi. “Lakini kesho yake nilitazama uso wa chuma kwa jicho jingine. Kweli, ulikuwa umetulia. Zamani ulikuwa unaruka kama maji ya chai.”

Kaka mtu alipojua, hakufoka. Alimwita dada yake nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku, akamwambia jambo moja tu: “Asishuke chini chuma kikiwa kinatembea. Niahidi.” Shangazi akaahidi, kisha akamtaka binti naye aahidi. Na binti akaanza kumwita Shangazi mbele ya watu kiwandani, na wote wakafuata.

Ahadi hiyo ilivunjika mwaka jana, mchana kweupe, na hakuna aliyekusudia kuivunja.

Koili za sumaku hupata moto sana, hivyo nazo hupozwa kwa maji. Vali za maji hayo ziko chini ya jukwaa, hatua chache kutoka kwenye magurudumu. Mchana huo kipimo kilionyesha kwamba maji ya koili za upande mmoja yanapungua. Binti alimwambia msimamizi kwamba anakwenda kutazama. Msimamizi akaitikia. Chuma kilikuwa kinatembea, lakini maji yakipungua kidogo ni jambo la kila wiki, na fundi huwa anashuka, anakaza, anapanda. Shangazi alikuwa na kioo usoni na mgongo wake kwao. Hakusikia.

Kibanio cha bomba la maji kilikuwa kimelegea. Kabla binti hajakifikia, kiliachia. Koili zikapata moto, na mtambo wa ulinzi ukafanya kazi yake: ukakata umeme wa sumaku.

Juu, Shangazi aliona kabla ya taa yoyote kuwaka.

“Unga uligawanyika,” anasema. Sasa anaongea kwa sauti ya chini, na mikono yake inachora hewani. “Uso ukainuka upande mmoja, ukashuka upande wa pili, kama mtu anayejigeuza kitandani. Katikati pakafunuka jicho jekundu. Miaka yote ya sumaku sijawahi kuliona jicho lile. Nikajua tumerudi kulekule.”

Alipunguza mwendo wa magurudumu papo hapo. Msimamizi alikuwa ameshaanza kupaza sauti kwenye redio: “Punguza! Punguza!” Kisha vipimajoto vilivyo ndani ya shaba vikaanza kulia, kimoja, halafu cha jirani yake. Ganda lilikuwa limelambwa.

Hapo mfanyakazi wa kalibu ana mambo mawili ya kufanya. Anafunga bomba ili chuma kisiendelee kuingia, na anasimamisha magurudumu ili sehemu nyembamba ibaki ndani ya kalibu na kuganda upya. Shangazi alifanya yote mawili. Lakini lipo la tatu ambalo halifanyiki kwa mkono, nalo ni kungoja. Hakuna anayejua kama sehemu nyembamba ingali ndani, au imeshapita.

“Nikashika redio, nikauliza, nani yuko chini?”

Hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Redio ikakwaruza.

“Shangazi, ni mimi.”

Hapo Shangazi anainuka kwenye benchi, anakunywa maji kwenye kikombe cha bati, anarudi. Mwenzake aliyekuwa akifunga kamba za viatu upande wa pili wa chumba anatoka nje kimya kimya na kufunga mlango.

“Nikaibana redio sikioni,” anaendelea. “Nikamsikia anahema. Akasema, ‘Napanda, naiona ngazi.’ Ngazi ile ile. Nami nikapiga ukelele ambao sijawahi kupiga maishani. Usipande! Usipande hapo, mwanangu! Geuka, fuata mtaro!”

Mtaro ni njia ndefu na ya giza inayopitisha mabomba, na mlango wake uko mbali, upande wa nyuma wa jengo. Kwa mtu aliyesimama kwenye vali, ngazi inaonekana kama wokovu na mtaro kama kujizika.

“Akaniambia, ‘Shangazi, ni mbali!’ Nikamwambia kimbia. Akasema ngazi ni hii hapa. Nikamwambia, kama umewahi kuniheshimu, kimbia!”

Redio ikanyamaza.

Wafanyakazi waliokuwa juu wanasema Shangazi hakuondoka kwenye kalibu. Wengine walikuwa wamesharudi nyuma mpaka ukutani, kama taratibu zinavyotaka. Yeye alibaki na redio mdomoni, akirudia neno lile lile bila sauti. Msimamizi alimshika bega kumvuta, na anasema ilikuwa kama kushika nguzo.

Ganda lilipasuka. Halikuwa pasuko kubwa, na wahandisi wanasema ni kwa sababu mwendo ulipunguzwa mapema. Lakini chuma kilitoka, kikamwagikia magurudumu, kikakutana na maji. Mshindo ukatikisa sakafu. Mvuke ukapanda kupitia kila tundu mpaka mtu hakuweza kuuona mkono wake. Ulipopungua, kupitia kidirisha cha sakafuni ilionekana ngazi. Vidato vya chini vilikuwa vimezikwa ndani ya kitu chekundu kilichokuwa kikigeuka cheusi.

“Nikatafuta mtu pale,” anasema Shangazi. “Macho yangu yalikuwa yanamtafuta pale, kwenye ngazi. Sikuweza kuyatoa.”

Binti alipatikana nje, nyuma ya jengo, ameketi kwenye kokoto akiwa na kiatu kimoja. Magoti yalikuwa yamechubuka na mkono mmoja ulikuwa na malengelenge ya maji ya moto yaliyomrukia bomba lilipoachia. Redio aliiangusha mtaroni, ndiyo maana hakusikika. Alipomwona shangazi yake akija, alianza kuomba radhi kwa kuvunja ahadi.

“Nilimpiga kofi,” anasema Shangazi, akionekana mwenyewe kushangaa. “Kisha nikamkumbatia. Tukalia wote wawili kama vichaa. Watu wa zimamoto walidhani kuna aliyekufa.”

Jioni walikwenda pamoja nyumbani kwa kaka. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yao. Alikuwa sebuleni, taa haijawashwa, amevaa viatu kama mtu aliyetaka kutoka akashindwa. Hakuinuka.

“Baba,” binti akasema, “sikupanda ngazi.”

Kaka akautazama mkono wake uliofungwa bendeji. Akauliza, “Ulipita wapi?”

“Mtaroni. Shangazi alinikataza ngazi.”

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aungue, akasimulia. Akasema siku ile naye aliukumbuka mtaro. Alisimama, akaufikiria kabisa. Lakini wiki moja kabla alikuwa ameukuta mlango wake umefungwa kwa kufuli, na hakujua kama umefunguliwa. Hivyo akachagua ngazi.

“Ulikuwa wazi?” akamuuliza dada yake.

Shangazi alilijua jibu. Alikuwa amelibeba miaka yote. “Ulikuwa wazi, kaka.”

Kaka akatikisa kichwa taratibu mara nyingi. Chai aliyoandaliwa ikapoa mbele yake. Mwishowe akamwambia binti yake, “Basi wewe umepita badala yangu,” na akaenda kulala bila kuvua viatu.

Shangazi alikaa nyumbani wiki mbili. Kiwanda kilimpa nafasi ya kuhamia chumba cha vioo, atazame chuma kwa kamera. Alijaribu zamu mbili, kisha akaomba kurudi kwenye kalibu.

“Kule nyuma ya kioo nilikuwa naogopa zaidi,” anasema. “Picha haitoi joto. Nilikuwa naona uso umetulia, na siamini. Hapa nikiogopa, angalau naogopa kitu ninachokiona.”

Binti naye alirudi. Yeye haongei sana kuhusu siku ile. Alipoulizwa na gazeti hili kama bado anaziamini sumaku, alifikiri kidogo akajibu, “Sumaku hazikukosea. Zilikosa maji. Kosa letu ni kuweka vali mahali ambapo mtu anashuka kuokoa breki, kumbe breki ikikatika, pale ndipo pabaya kuliko pote.”

Hilo ndilo Shangazi amelishikia bango. Katika kila kikao cha usalama tangu mwaka jana amekuwa akidai vali zihamishiwe juu, na asiwepo mtu yeyote chini chuma kikiwa kinatembea, hata kwa dakika ya kukaza kibanio. Uongozi umekubali. Mabomba mapya yameshafika na yamelazwa uani, na yatafungwa mashine itakapozimwa kwa matengenezo makubwa.

Akishaona vali ziko juu, ana mpango mwingine unaomnyima usingizi kuliko huo. Kaka yake ameomba kuja. Si kuiona mashine ikiwa imezimwa. Hiyo alipewa nafasi akaikataa. Anataka kuiona ikifanya kazi, binti yake akiwa kwenye sumaku na dada yake akiwa kwenye kalibu. Atasimama nyuma ya kioo cha chumba cha udhibiti, na akitaka kuondoka ataondoka.

“Naiogopa siku hiyo,” anasema Shangazi, akivaa tena koti lake la fedha, kifungo kwa kifungo. “Nikimwangalia yeye, nitashindwa kuangalia chuma. Nikiangalia chuma, sitajua yeye yuko katika hali gani. Sijui itakuwaje.”

Anachukua kofia, anakifuta kioo kwa kiwiko.

“Juzi ameniuliza kama huko ndani ataruhusiwa kuketi. Nikamwambia, kaka, kiti kipo, usiwe na wasiwasi.” Anafika mlangoni, anageuka. “Halafu nikaenda mbio kwa msimamizi kuomba kiti. Maana hakikuwepo.”